Wewe, hapo uliposimama, uliona nini?

Haya jamani asanteni, wa nyuma mnanisikia? Sogeeni basi, viti vipo vingi huku mbele. Nimeombwa niongee kuhusu namna ya kuandika tukio ulilolishuhudia kwa macho yako mwenyewe na nimefurahi kweli kuombwa hivo, maana ni kitu nakipenda na pia kinaniuma. Kinaniuma kwa sababu watu wengi sana wamewahi kuwa mahali fulani siku ambayo jambo kubwa linatokea, moto, mafuriko, ajali, siku timu imechukua kombe, siku jua limepatwa mchana kweupe ndege wakarudi kulala, na ukimwambia mtu kaa chini uandike anakuandikia mistari mitatu ambayo hata asiyekuwepo angeweza kuiandika. Lilikuwa tukio la kusikitisha ambalo halitasahaulika, watu walikimbia huku na kule kuokoa maisha yao, vilio vilitawala. Sawa ndugu yangu, lakini wewe uliona nini?

Nitaongea mengi leo ila yote yanazunguka hapo. Shida kubwa ya mashuhuda wanapoandika sio Kiswahili kibovu wala sio kukosa kipaji, ni kwamba wanataka kuliandika tukio zima. Anataka atuambie chanzo, idadi ya waliokufa, serikali imesema nini, hasara ni kiasi gani, na hayo yote hakuyaona, ameyasoma kesho yake kwenye simu kama sisi wengine tulivyosoma. Alafu kile alichokiona peke yake, ambacho hakuna mwandishi wa habari wala mpelelezi atakipata popote isipokuwa kwake, anakiacha kwa sababu anakiona kidogo. Kumbe ndo mali yenyewe. Habari nzima ya tukio itaandikwa na watu wengine wenye muda na ofisi, lakini pale uliposimama wewe, upande ule, kwa dakika zile, ulikuwepo wewe tu.

Niwape mfano wa zamani kweli. Mwaka 79 baada ya Kristo mlima Vesuvius kule Italia ulilipuka ukaifunika miji ya Pompeii na Herculaneum. Upande wa pili wa ghuba, mahali panaitwa Misenum, alikuwepo kijana wa miaka 17, historia inamwita Pliny Mdogo, akiwa na mama yake na mjomba wake ambaye nae ni Pliny, kamanda wa meli za kivita. Mama ndo aliyeliona wingu kwanza akamwambia kaka yake. Mjomba akaondoka na meli kwenda kuangalia na kuokoa watu, akafia hukohuko. Miaka mingi baadae mwanahistoria Tacitus akamuomba yule kijana, ambae sasa alishakuwa mtu mzima mwenye cheo, amuandikie mjomba alikufaje, na yeye akaandika barua mbili ambazo mpaka leo wataalamu wa volkano wanazisoma, tena ule mlipuko wa aina ile wanauita kwa jina lake.

Sasa angalia alivyoandika. Hakusema wingu lilikuwa la kutisha akaishia hapo, alisema lilipanda juu kama shina refu la msonobari alafu likatawanya matawi, sehemu nyingine jeupe, sehemu nyingine chafu lenye madoa kwa udongo na majivu lililobeba, na kuhusu kutawanyika kule anaongeza kwamba yeye anadhani ni kwa sababu msukumo uliolipandisha ulipungua nguvu. Anadhani. Alichokiona anakisema kama alichokiona, na anachokikisia anakisema kama makisio. Kwenye barua ya pili anaeleza asubuhi yake walivyotoka nje ya nyumba, mikokoteni waliyoagiza iletwe ikawa inaenda huku na huku japokuwa pale chini palikuwa tambarare kabisa, mpaka wakaizuia kwa mawe na bado haikutulia. Bahari ikavutwa nyuma, viumbe vya majini vikabaki kwenye mchanga mkavu. Giza lilipoingia watu wakawa wanaita, huyu mama yake, yule mtoto wake, yule mke wake, wanatambuana kwa sauti tu. Ukisoma ile mikokoteni unaelewa tetemeko lilivyokuwa hata kama neno tetemeko lisingetajwa kabisa.

Na kuna jambo jingine ambalo mimi ndo linanifanya nimheshimu. Yeye hakuwa pamoja na mjomba wake siku ile alipokufa, kwa hiyo mwisho wa barua ya kwanza anamwambia Tacitus wazi kwamba nimekuandikia yale niliyokuwepo, na yale niliyoyasikia palepale wakati ule, wakati ambapo ukweli hukumbukwa vizuri zaidi. Huyu ni mtu wa karibu miaka elfu mbili iliyopita anatenganisha niliona na niliambiwa, sisi wenye simu mkononi tunashindwa, tunachanganya vyote kwenye sufuria moja.

Kwa hiyo kitu cha kwanza kabisa ni muda, andika mapema. Najua mtasema tukio likikushtua huwezi kuandika, mikono inatetemeka, na kama kuna mtu wa kusaidia msaidie kwanza, kama kuna hatari ondoka kwanza, hilo halina mjadala na hakuna maandishi yanayozidi maisha ya mtu. Lakini ukishakuwa salama, kabla hujalala, kabla hujaingia kwenye magrupu ya WhatsApp kuona wengine wanasemaje, toa hata nusu saa. Sio lazima iwe insha, wala usihangaike na sentensi nzuri, tupa tu vipande, rangi, sauti, nani alisema nini, ulikanyaga nini, kulikuwa kunanuka nini. Kama mikono haishiki kalamu rekodi sauti yako ukiongea.

Kwanini nasisitiza hivi? Tarehe 28 Januari 1986 chombo cha anga cha Marekani, Challenger, kililipuka muda mfupi baada ya kuruka na watu wote saba waliokuwemo wakafa. Mwanasaikolojia Ulric Neisser na mwenzake Nicole Harsch wakafanya kitu cha akili sana, kesho yake asubuhi wakawapa wanafunzi wa chuo karatasi waandike, habari hii umeipata wapi, ulikuwa na nani, ulikuwa unafanya nini, saa ngapi. Wakazihifadhi zile karatasi. Baada ya miaka kama miwili na nusu wakawatafuta wakawapata 44, wakawauliza maswali yaleyale. Robo yao, yaani 11, walikosea kila kitu kikubwa, mahali sio, mtu aliyewaambia sio, shughuli waliyokuwa wanafanya sio. Na wengi walikuwa na uhakika kabisa, mtu anakusimulia kwa macho makavu, anaona picha kabisa kichwani, na hata alipooneshwa mwandiko wake mwenyewe ile kumbukumbu ya zamani haikurudi. Hawa hawakuwa waongo jamani. Kumbukumbu haikai pale kama faili, kila ukiisimulia unaitengeneza upya kidogo, na kadiri tukio linavyokugusa ndo unavyolisimulia mara nyingi. Yale makaratasi ya asubuhi ndo yalijua ukweli.

Na sio muda tu unaoharibu, hata maneno ya watu wengine yanaingia. Mwaka 1974 Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonesha watu video fupi ya ajali ya magari, kundi moja wakaulizwa magari yalikuwa na spidi gani yalipogongana, kundi jingine wakaulizwa kwa neno kali zaidi, yalipopondana. Wiki moja baadae wakaulizwa, je uliona vioo vilivyovunjika? Kwenye kundi la neno la kawaida waliosema ndio walikuwa 7 kati ya 50, kwenye kundi la neno kali 16 kati ya 50. Kwenye ile video hakukuwa na kioo chochote kilichovunjika. Neno moja tu kwenye swali, wiki ikapita, mtu anaona vioo. Sasa piga picha umetoka kwenye tukio umekaa na watu ishirini wanabishana, huyu anasema gari lilikuwa linakimbizwa, yule anasema dereva alikuwa anaongea na simu, na wewe unarudi nyumbani kuandika. Ndo maana nasema andika kwanza alafu ndo ukapige stori, hata kama stori inakuwasha.

Haya, unakaa kuandika. Juu kabisa weka tarehe, saa, mahali, na kitu ambacho karibu kila mtu anakisahau, wewe ulikuwa wapi hasa. Umesimama au umekaa, unaangalia upande gani, kati yako na tukio kulikuwa na nini, nguzo, gari, migongo ya watu. Mwanga ulikuwaje, jua linakupiga usoni au taa zimezimika. Kama unavaa miwani na siku ile hukuivaa andika hilo pia, halikuvunjii heshima hata kidogo, linamsaidia msomaji ajue aamini kipi kwa kiasi gani. Chora na kamchoro hata kama hujui kuchora, kimduara hiki ni mimi, hapa mlango, hapa lile gari. Mimi huwa nawaambia watu ka mchoro kabaya ka dakika mbili kanazuia makosa mengi kwenye kurasa tano zinazofuata, kwa sababu ukishachora unagundua kumbe kutoka pale ulipokuwa usingeweza kuona ule mlango wa nyuma, kwa hiyo ile habari ya mlango wa nyuma uliambiwa na mtu.

Idadi na umbali. Hapa ndo ushuhuda mwingi unapoharibika, maelfu ya watu, mita kama mia mbili, ilichukua nusu saa. Ukiwa na hofu muda unarefuka kichwani, sekunde arobaini zinakuwa dakika tano, kwa hiyo tafuta kitu cha kukushikilia, saa ya meseji uliyotuma, saa ya picha uliyopiga, wimbo uliokuwa unapigwa, adhana, kengele. Umbali pima kwa vitu, nguzo nne za umeme, upana wa barabara mbili. Ukiona mwanga wa mlipuko au radi alafu ukasikia mshindo baadae, hesabu sekunde zilizopita katikati, sauti inasafiri karibu mita 340 kwa sekunde kwa hiyo sekunde tatu ni kama kilomita moja. Kukadiria umati wa watu nako kuna namna yake. Miaka ya 1960 Herbert Jacobs, mwalimu wa uandishi wa habari pale chuo kikuu cha California, Berkeley, alikuwa anaona maandamano ya wanafunzi kutokea kwenye dirisha la ofisi yake, na ule uwanja ulikuwa na sakafu ya miraba, basi akahesabu watu kwenye miraba michache akazidisha. Unaweza kufanya hivo na safu za viti, na hatua za ngazi, na urefu wa basi. Na ukishindwa kabisa andika tu nilikuwa nimezungukwa na watu pande zote sikuweza kuona mwisho wao. Hiyo nayo ni taarifa, tena ya kweli kuliko elfu kumi uliyoitoa hewani.

Sasa tuje kwenye kuandika kwenyewe, na hapa nataka tukae kidogo. Nimetunga tukio, mahafali, watu wako ukumbini, upepo unang'oa paa. Shuhuda wa kwanza anaandika hivi: ghafla upepo mkali ulivuma na kung'oa paa la ukumbi, taharuki kubwa ilizuka, kila mtu alikimbia kuokoa nafsi yake, hakika ilikuwa siku ya majonzi.

Shuhuda wa pili anaandika hivi:

Nilikuwa nimekaa safu ya pili kutoka nyuma, karibu na mlango wa kushoto. Kabla ya upepo wenyewe nilisikia bati zinagongagonga juu yangu, na aliyekuwa anaongea kwenye maikrofoni akanyamaza akaangalia juu. Umeme ukakatika. Bati la kwanza likanyanyuka upande wa jukwaani, pale nikaona mawingu, alafu zile karatasi za ratiba zikapanda juu zote kwa pamoja kuelekea kwenye lile tundu. Mwanamke aliyekuwa mbele yangu alimlaza mtoto mapajani akamfunika kichwa kwa mkoba. Sikuona paa linaanguka. Nilikuwa tayari niko chini ya kiti, nilisikia mshindo mmoja upande wa kulia kisha kimya, kisha mtu mmoja anaita jina, analirudia jina lilelile. Nilipoinuka safu za mbele upande wa kulia zilikuwa hazionekani.

Mnaona tofauti? Huyu wa pili hajatumia neno taharuki wala majonzi hata mara moja na bado umeogopa kuliko wa kwanza. Zile karatasi za ratiba zinazopanda juu, hicho ni kitu ambacho mtu hawezi kukibuni kirahisi akiwa amekaa nyumbani, ukikisoma unajua huyu alikuwepo. Na sentensi ninayoipenda kuliko zote pale ni sikuona paa linaanguka. Wengi wangeona aibu kuiandika, wangesema nilikuwepo paa linaanguka alafu niseme sikuliona? Wangejaza. Wangeandika bati zilivyoshuka kama visu, kwa sababu wameona kwenye filamu. Lakini akishasema hiki sikukiona, kila alichosema amekiona kinapata uzito, mpelelezi akimsoma anamwamini, mama aliyempoteza mtoto pale kulia akimsoma anamwamini.

Angalia pia alipoanzia. Hakuanza na nilivyoamka asubuhi nikaoga nikapiga pasi shati, wala hakuanza na paa limeshaanguka. Alianzia pale ambapo mambo ya kawaida yanaanza kubadilika, bati zinagonga, mtu ananyamaza kwenye maikrofoni. Tafuta hapo kwako ni wapi. Alafu fuata mpangilio wa muda, kwanza hiki kisha kile, usirukeruke kwenda mbele na kurudi nyuma ukidhani ndo ufundi, kwenye ushuhuda mpangilio wa muda ndo ufundi wenyewe. Sehemu ambayo hakukuwa na kitu pita haraka, tulisubiri kama saa moja, basi. Ile dakika ambayo kila kitu kiligeuka, hapo tembea polepole, hata ukurasa mzima upe.

Kuna ugonjwa mmoja naomba tuuache, ule wa nilihisi. Tangu asubuhi nilihisi kuna kitu kibaya kitatokea. Kweli ulihisi, au umehisi baada ya kujua? Samuel Pepys, ofisa wa serikali Uingereza aliyekuwa na kawaida ya kuandika shajara, usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba 1666 aliamshwa na mtumishi wake wa ndani kama saa tisa usiku, akaambiwa kuna moto mkubwa unaonekana mjini. Akaenda dirishani akaangalia, akaona uko mbali, akarudi kulala. Na akaandika hivohivo kwamba nilirudi kulala. Ule ndo moto mkuu uliounguza sehemu kubwa ya London. Angeweza kabisa kuandika moyo wangu ulishtuka, na hakuna ambaye angemjua, lakini kwa sababu aliandika alirudi kulala sisi leo tunajua moto mkubwa unavyoanza, unaanza ukiwa mbali, watu wanarudi kitandani. Huyohuyo ndo aliyeandika kuhusu njiwa, kwamba walikuwa hawataki kuziacha nyumba, wakawa wanazungukazunguka madirishani mpaka wengine wakaungua mabawa wakaanguka. Kuna takwimu nyingi za ule moto na nimezisoma, ninachokikumbuka ni njiwa.

Maneno ya watu. Ukiweka maneno kwenye alama za kunukuu una maana hayo ndo maneno yaliyotoka mdomoni, sio karibu na hayo. Kama unakumbuka ni mawili tu, weka mawili, mtu akiwa kwenye hatari haongei hotuba ndefu, anasema toka, anasema shika hapa, anaita jina. Ukiona kwenye maandishi yako mtu anayeungua anaongea sentensi tatu zenye nukta na mkato jua umemtungia. Kama hukumbuki maneno yenyewe andika maana, alituambia tusipite pale, inatosha. Na kama alikuwa anaongea lugha usiyoijua sema hivo, eleza sauti tu na mikono alivyoirusha.

Video je? Naona vijana mnanyanyua simu, nilijua swali hilo lipo. Video ni msaada mkubwa, irekodi ukiweza bila kujiweka hatarini na bila kuwazuia wanaookoa, lakini isikufanye uache kuandika. Kamera inaona inakoelekezwa tu, haijui nyuma yako kulikuwa na nini, haina pua, na haiwezi kusema kwanini uligeuka. Alafu mtu aliyerekodi mara nyingi ukimuuliza anakusimulia video, sio tukio, anakumbuka kile kioo kidogo. Kwa hiyo andika kabla ya kuitazama. Ukiitazama baadae ukakuta inapingana na ulichoandika usifute, ongeza chini, nimetazama video nikaona gari lilikuwa jeupe, mimi nilikumbuka la kijivu.

Hapo nafika kwenye jambo linalowatesa mashuhuda wengi, wengine wakisema tofauti na wewe, hasa wakiwa wakubwa kuliko wewe. Meli ya Titanic ilizama usiku wa kuamkia tarehe 15 Aprili 1912. Walionusurika walikuwa wanaangalia kutoka kwenye mashua, gizani, kwenye baridi kali. Baadhi yao walisema meli ilikatika katikati kabla ya kuzama, akiwemo kijana wa miaka 17, Jack Thayer. Wengine, na kati yao ofisa wa juu kuliko wote walionusurika, Charles Lightoller, walisema hapana ilizama ikiwa nzima. Uchunguzi rasmi uliofanyika ukaenda na hao wenye vyeo, ikaandikwa hivo, na kwa miaka zaidi ya 70 ndo ikawa jibu. Mwaka 1985 mabaki yakapatikana chini ya bahari, vipande viwili, vimeachana mbali. Sasa fikiria wale walioona inakatika kama wangesema aah, ofisa kasema ni nzima, mimi nani, ngoja nirekebishe stori yangu. Wengine labda walirekebisha, hatuwezi kuwajua kwa sababu maneno yao yalipotea nao. Lakini waliokomaa na walichokiona maneno yao yapo mpaka leo.

Sisemi kila shuhuda anayepingana na wakubwa yuko sahihi, hapana, watu wanakosea kila siku kwa nia njema kabisa. Nasema sio kazi yako kuamua nani mkweli wakati unaandika. Kazi yako ni kuweka chako kama kilivyo, na kama unajua wengine wanasema tofauti liweke hilo nalo, wengine niliokuwa nao wanasema waliona hivi, mimi sikuona hivo. Watakaokuja baadae watalinganisha, wana vifaa ambavyo wewe huna.

Sasa kuhusu watu waliomo ndani ya hayo maandishi, naomba hapa mnisikilize vizuri. Aliyekufa ana ndugu. Inawezekana ndugu zake hawajaambiwa bado, na wewe unaposti jina, nguo aliyovaa, sura yake ikiwa vile. Ushuhuda wako binafsi uandike wote, usijifiche kitu, hata majina. Lakini unachokitoa kwa watu ni kitu kingine, hapo unapunguza, majina ya majeruhi unayaacha mpaka familia zijue, watoto hutaji kabisa, na mtu aliyekuwa katika hali ya kudhalilika, uchi, analia, amejisaidia kwa hofu, jiulize kama msomaji anahitaji kweli kujua ni nani. Na ukimtuhumu mtu kwamba ndo kasababisha jua unatuhumu, sema uliona akifanya nini, mkono wake ulikuwa wapi, mwache msomaji na sheria wamalizie.

Na wewe mwenyewe umo kwenye hayo maandishi pia. Watu wananiuliza niweke hisia zangu au nisiweke? Weka, ila weka zilivyotokea mwilini. Magoti yalilegea, nilicheka bila sababu, nilishika kitasa cha mlango nikasahau namna ya kukizungusha. Kuna watu waliona kitu kikubwa cha furaha wakajikuta hawajafurahi, wamechoka tu, wanataka maji, kombe limechukuliwa na yeye anatafuta viatu vyake. Andika hivo hivo. Usijilazimishe kuhisi kile ambacho tukio lilitakiwa likufanye uhisi. Na kama kuandika kunakurudisha kule kila usiku, usingizi hauji, unashtuka kila mlango ukigongwa, weka kalamu chini uongee na mtu, daktari au mshauri au yeyote unayemwamini, maandishi yatasubiri.

La mwisho ni kuyatunza, na hili fupi. Yale maandishi ya kwanza machafu, yenye makosa, ya usiku uleule, usiyarekebishe kamwe. Andika tarehe na saa uliyoandika, weka jina lako, piga picha kurasa, weka nakala sehemu mbili. Ukitaka kuandika vizuri kwa ajili ya watu, andika kwenye karatasi nyingine. Ukikumbuka kitu kipya wiki ijayo kiongeze na tarehe ya siku hiyo, ili anayesoma ajue hiki kilikuja siku ileile na hiki kilikuja baadae. Wakikuita kutoa ushahidi rasmi nenda na hiyo ya kwanza, sio ile uliyoipamba.

Mezani pale kuna karatasi, kila mtu achukue moja kabla hatujaanza maswali. Chagua tukio lolote ulilokuwepo, la juzi au la zamani, la huzuni au la furaha, na uandike vitu viwili tu, ulikuwa umesimama wapi, na kitu gani hukukiona. Tunaanza, nawapa dakika kumi.